Si Kweli Kwamba Tulichagua

"Mzee, watu wameshachagua."

Aliyeniambia hivyo ni kijana wa bodaboda pale Jilore senta, kivulini pa mwembe, tukingoja jua lipoe. Mkononi alikuwa na simu ya laini mbili. Ya kwanza ndiyo ya pesa na ndiyo ya kupigiwa na abiria. Ya pili ni ya bando, maana bando zake ni rahisi, lakini huiwasha akishateremka Malindi mjini. Nikamwuliza mbona haiwashi hapahapa. Akacheka. "Hapa iko mteja siku nzima, haipatikani."

Kwa hiyo kijana huyu amechagua, na papo hapo hana cha kuchagua, wala haoni kwamba mambo hayo mawili yanagombana. Simlaumu. Kauli ile si yake. Imeteremka kutoka Nairobi, ikapita kurasa za biashara za magazeti, vikao vya kamati za Bunge na vipindi vya redio vya asubuhi, hadi ikatua chini ya mwembe wa Jilore ikiwa imeshageuka kama methali. Inasema hivi: Safaricom ilifanya kazi, wenzake wakalala, wateja wakaona, wakahamia, leo mdhibiti akitaka kuiwekea masharti, anamchapa mtoto aliyepita mtihani ili walioanguka wasione haya.

Naipinga kauli hii, na nitaanza kwa kukubali nusu yake.

Ni kweli kampuni ilifanya kazi. Mwaka 2000, Vodafone ilipoingia na asilimia 40 na Michael Joseph akakabidhiwa usukani, mpinzani hakuwa mnyonge. KenCell ilikuwa na mtaji wa Vivendi ya Ufaransa na kundi la Sameer nyuma yake. Lakini KenCell ilihesabu simu kwa dakika, Safaricom ikahesabu kwa sekunde. Kwa mtu mwenye kredi ya kubahatisha, anayetaka kusema "nimefika salama" kisha akate, tofauti hiyo ilishinda tangazo lolote. Mmoja alimlenga mwenye suti, mwenziwe akamlenga muuza madafu. Hapo mshindi alishinda kihalali, sina neno.

Nusu ya pili ndiyo isiyo kweli. Inatutaka tuamini kwamba sheria na mdhibiti ni wageni waliokuja baada ya mechi, wakamkuta bingwa amekwisha kuvikwa medali. Historia haisemi hivyo. Safaricom ilianza mwaka 1993 kama idara ndani ya Shirika la Posta na Simu, wakati ambapo shirika hilo ndilo lililokuwa mchezaji na ndilo lililokuwa refa. Ikaandikishwa kuwa kampuni mwaka 1997. Sheria ya mawasiliano ya 1998 ilipolipasua shirika hilo mwaka uliofuata, zikatoka Posta, Telkom na Tume ya Mawasiliano, na Telkom ikapewa haki ya kuwa lango pekee la simu za nje hadi mwaka 2004. Telkom hiyohiyo ndiyo iliyoshika asilimia 60 za Safaricom. KenCell ikitaka mteja wake aongee na ndugu aliye Muscat au London, ilibidi ipitie mlango wa mzazi wa mshindani wake. Jambo hilo liliandikwa katika leseni, na sikumbuki mtu aliyesimama kulia kwamba serikali inaingilia soko.

Halafu kuna leseni ya tatu ya mtandao wa simu za mkononi. Kampuni ya Econet ilikuwa imeipata mapema katika muongo ule, kisha leseni ikazama katika kesi, kufutwa na kurudishwa, na mtandao wenyewe, kwa jina la yu, ukaja kuwaka mwisho wa mwaka 2008. Telkom nayo ikaingia katika simu za mkononi mwaka huohuo kwa jina la Orange. Hesabu mwenyewe. Tangu 2000 hadi 2008 Wakenya walikuwa na mitandao miwili ya mkononi tu, kwa sababu za makaratasi na mahakama, na katika miaka hiyohiyo ndiyo taifa zima lilinunua simu yake ya kwanza. Laini ya kwanza ya mtu ndiyo iliyo katika kadi ya harusi, katika kitabu cha deni cha dukani, katika kumbukumbu ya simu ya shangazi aliye Kaloleni. Aliyekuja mwisho wa 2008 alikuta mkeka umekwisha kukaliwa.

Sasa nije kwenye ada ambayo wengi hawaijui, ingawa inatoka mfukoni mwao. Ukimpigia mtu wa mtandao mwingine, mtandao wako unaulipa mtandao wake kwa kuipokea simu hiyo. Mdhibiti ndiye anayeweka kiwango. Kabla ya Agosti 2010 kilikuwa shilingi 4.42 kwa dakika. Fikiria maana yake kwa mtandao mchanga wenye wateja wachache: simu nyingi za wateja wake huenda kwa mkubwa, kwa kuwa huko ndiko waliko watu. Kila simu kama hiyo ni shilingi nne na ushei zinazohama. Mkubwa, kwa upande wake, simu zake nyingi hubaki ndani ya nyumba, kwa hiyo anaweza kuuza simu za ndani kwa bei ya kutupa na simu za nje kwa bei ya kuuma. Mteja akishaona hivyo, anamwambia mkewe, kaka yake na fundi wake: ingieni huku niliko, tuongee rahisi. Wakiingia, tunasema wamechagua.

Mwaka 2010 Tume ilikata ada hiyo nusu, ikawa 2.21, na ikatangaza ngazi za kuteremka kila mwaka hadi ifikie senti 99. Zain, iliyoanza kama KenCell, kisha Celtel, na iliyokuwa ikigeuka kuwa Airtel, ikashusha bei papo hapo: shilingi 3 kwa dakika kwenda mtandao wowote, shilingi 1 kwa ujumbe. Safaricom nayo ikalazimika kuteremka. Anayesema udhibiti hauna faida kwa mwananchi ajikumbushe miezi ile, watu walipoacha kubipu wakaanza kupiga.

Mwaka uliofuata ngazi ya pili ilikuwa ianze Julai. Haikuanza. Rais Mwai Kibaki aliingilia kati baada ya malalamiko ya makampuni, punguzo likasimamishwa, na ada haikushuka tena hadi Desemba 2012. Bei zilizokuwa zimeteremka zikaanza kupanda. Nina haki ya kuuliza: serikali iliyosimamisha ngazi ile ilikuwa nani katika mchezo huu? Baada ya hisa kuuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 kila moja, serikali ilibaki na asilimia 35 za Safaricom. Gawio linaingia Hazina. Kodi inaingia Hazina. Serikali hiyohiyo ndiyo inayomteua anayepaswa kupunguza faida hiyo. Sisemi mtu alihongwa. Sihitaji kusema hivyo. Mwenye ng'ombe akiwa ndiye hakimu wa kesi ya shamba lililoliwa, hata akiwa mcha Mungu, mwenye shamba ana sababu ya kukosa usingizi.

Onyesho hilo lilirudiwa miaka kumi baadaye. Desemba 2021, Mamlaka ya Mawasiliano, jina jipya la ile Tume, ilitangaza kwamba ada itashuka kutoka senti 99 hadi senti 12 kuanzia Januari 2022. Senti 12! Safaricom ikaenda kwenye baraza la rufaa la mawasiliano, agizo likasimamishwa, pande zikakaa, na Agosti ikatoka senti 58. Machi 2024 ikashuka hadi senti 41. Mtu anaweza kusema huo ni mwafaka mzuri. Mimi naona kwamba kiwango ambacho mdhibiti mwenyewe alitangaza kuwa ndicho, hakikufikiwa hata miaka miwili baadaye, na kila mwezi wa kungoja una mtu anayeulipia na mtu anayeupokea.

Hapa ndipo ninapotofautiana hata na baadhi ya wanaoniunga mkono. Wao husema mdhibiti wa Kenya ni dhaifu, hafanyi kitu. Afadhali ingekuwa hivyo. Karibu kila dawa anayo na huitoa. Anaitoa mgonjwa akiwa amekwisha kuzoea ugonjwa. Tazama M-Pesa.

M-Pesa ilianza Machi 2007 kwa barua ya Benki Kuu iliyosema haina pingamizi. Sheria ya mifumo ya malipo ilikuja 2011, kanuni zake 2014. Mabenki yalipolalama mwaka 2008, huduma ikakaguliwa na kuachwa iendelee. Huo ulikuwa udhibiti wa hekima, na nausifu: mama wa Langobaya aliyekuwa akingoja pesa za mwanawe kupitia kwa dereva wa matatu anajua thamani yake. Lakini tuuite kwa jina lake. Mlango uliachwa wazi kwa makusudi, na aliyekuwa na wateja wengi ndiye aliyeingia na magunia. Hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba baada ya kuingia, mlango ukaachwa ajifungie.

Mawakala walifungwa na mkataba wa kutomhudumia mwingine. Pale senta kibanda ni kimoja, mwenye kibanda ana mtaji wa laki moja au pungufu, na mkataba unamkataza kupokea pesa za mtandao wa pili. Huyo wa pili afanye nini, ajenge kibanda chake na amwajiri mtu wa kukaa humo akipunga nzi? Kifungo hicho kiliondoka Julai 2014, baada ya Airtel kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani. Miaka saba. Kutuma pesa moja kwa moja kutoka pochi ya mtandao mmoja hadi ya mwingine kulianza Aprili 2018. Miaka kumi na mmoja. Katikati yake, Aprili 2011, tulipewa ruhusa ya kuhama mtandao na nambari zetu, kwa ada ya shilingi 200, na waliohama walikuwa wachache mno. Wenye ile kauli wakasema: mnaona? Waliruhusiwa, hawakutoka! Lakini nambari ilihama peke yake. M-Pesa haikuhama nayo. Ni kama kumwambia mtu ana uhuru wa kuhama boma, ilmradi uchaga wake wa mahindi aache hapohapo. Akibaki, je, amependa boma?

Sitaki kuwageuza wadogo kuwa malaika. Mtandao mmoja kubadilisha jina mara tatu katika miaka kumi si mkakati, ni kutapatapa. Telkom iliuza minara yake 723 kwa American Tower mwaka 2018, na mwaka 2023 ikajikuta inazimiwa mitambo kwa sababu ya deni. Mpango wa kuungana na Airtel uliotangazwa Februari 2019 ulikufa Agosti 2020 baada ya kuvutwa huku na huko, na miaka miwili baadaye serikali ikalipa shilingi bilioni 6.09 kununua hisa za mwekezaji Helios katika Telkom iliyokuwa ikizama. Kuna uzembe hapo usioponywa na kanuni yoyote. Na mkubwa naye aliwahi kuonewa: leseni yake ya 3G ya mwaka 2007 aliilipia dola milioni 25, waliofuata wakaipata kwa milioni 10. Alilalamika, na alikuwa na haki.

Hoja yenye nguvu zaidi ya wenye kauli ile ni nyingine kabisa, nami sitaikwepa, kwa sababu inatuhusu sisi wa huku kuliko watu wa Nairobi. Wanasema: mkimlazimisha mwenye mnara kugawana, nani atajenga mnara mwingine porini? Nani ataweka mtambo, betri na mlinzi Jilore, nyuma ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ili mwenzake aje adandie bure?

Kwanza, hakuna anayesema bure. Kodi ya mnara inajulikana, hesabu zake zinafanywa kila siku, na kampuni kama American Tower inaishi kwa kazi hiyo. Pili, gharama ya mashambani hailipwi na ushujaa wa kampuni peke yake. Mitandao yote hutoa asilimia 0.5 ya mapato katika Mfuko wa Huduma kwa Wote, na mapato hayo ni kredi ya kijana wa bodaboda. Mnara uliojengwa kwa pesa hizo una sababu gani ya kumhudumia mtandao mmoja? Tatu, na hili ndilo ninalotaka msomaji wa Malindi alitazame kwa macho yake: teremka barabara ya Kakoneni hadi Baricho. Pale maji ya Sabaki yanasukumwa kwenda Malindi, Kilifi hadi Mombasa. Hakuna aliyewahi kupendekeza kwamba kila mji uchimbe mtaro wake sambamba hadi mtoni ili tuone nani ana bidii. Chanzo ni kimoja, wanaokitumia wanakilipia, ugomvi ni wa bei na wa nani anakatiwa. Sehemu yenye wateja wachache haiwezi kubeba minara mitatu, sawa. Basi hapo ndipo mmoja ubebe watatu. Malindi mjini wajenge wapendavyo, washindane hadi wachoke.

Haya si mawazo yangu ya barazani. Mamlaka iliwaajiri washauri wa Analysys Mason kulichunguza soko, na rasimu yao ilipovuja mapema mwaka 2017 ilikuwa na mapendekezo ya namna hii: mkubwa atambuliwe rasmi kuwa ametawala soko, agawane minara, wateja wa wengine waweze kudandia mtandao wake mahali wasipofika, na pesa zivuke kutoka pochi hadi pochi. Kelele iliyofuata ilikuwa moja: wanataka kuivunjavunja Safaricom! Wabunge wakawaka. Mjadala wa minara ya vijijini ukafunikwa na mjadala wa kuvunja kampuni, ambao ni mjadala mwingine, na tangazo la kutawala soko halikutolewa.

Kama wenye kauli ya "acheni soko" wangekuwa wanaiamini, ningewaheshimu hata tusipokubaliana. Lakini mwaka 2014 benki ya Equity ilipokuja na laini nyembamba ya kubandikwa juu ya kadi ya simu, Safaricom ilikimbilia kwa mdhibiti ikisema si salama kwa wateja. Mdhibiti akaiweka laini hiyo kwenye majaribio ya mwaka mzima. Na Julai 2024, Starlink ilipokuwa imetimiza mwaka nchini na wateja wameanza kuhesabu bei, Safaricom ikaiandikia Mamlaka kuomba watoaji wa intaneti ya setilaiti wasipewe leseni za kusimama peke yao, wafanye kazi chini ya mitandao iliyopo. Mtoto aliyepita mtihani anaomba mwalimu asimruhusu mgeni kuingia darasani. Huku pwani jambo hilo lina kichekesho chake: kutoka jukwaa la San Marco, baharini pale Ngomeni, Waitaliano walirusha setilaiti iliyoitwa Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Tumezitazama setilaiti zikipita juu ya vichwa vyetu kwa nusu karne, na barua ya 2024 ilitaka tuendelee kuzitazama kupitia kwa mwenye mnara.

Mwenye kudhani kwamba hali yetu ni maumbile avuke mpaka wa Lunga Lunga aingie Horohoro, Tanzania. Upande wa pili M-Pesa ipo tangu 2008, chini ya Vodacom, ndugu wa ukoo uleule. Watu wanaongea lugha hii hii, wanatuma pesa kwa sababu zilezile. Lakini Vodacom haina hata nusu ya laini za Tanzania. Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana kupokezana pesa mwaka 2014, Vodacom ikajiunga 2016, na mgeni Halotel wa Viettel alianza kazi 2015 akiwa amefungwa na ahadi ya kujenga vijijini. Watakaosema Vodacom haikuwahi kuwa na mwanya mkubwa kama wa Safaricom watakuwa wamesema kweli, na watakuwa wamenisaidia: mwanya huo haukuumbwa na wateja, ulipimwa na leseni, nani aliingia lini na kwa masharti gani.

Nilimweleza kijana yule baadhi ya haya, si yote. Jua lilikuwa limepoa na abiria wa Kakoneni ameshaanza kuangalia huku na huku. Nikamwuliza: mnara wa hapa ukiruhusiwa kuibeba laini yako ya pili, utaiwasha hapa?

Akafikiri. "Bando, ndiyo. Lakini pesa, hapana. Abiria wote wananitumia kwa hii."

Nikamwambia tangu 2018 abiria anaweza kumtumia pesa kutoka mtandao wa laini hii hadi ile, zikaingia kama kawaida.

Alikuwa amekwisha kupiga stata. Akaizima pikipiki, akanigeukia. "Kwani inawezekana?"